Shahidi Mmoja Hatoshi: Uwiano wa Lehemu kwa Mama Aliyekoma Hedhi

Karatasi ya majibu ya lehemu, ambayo hospitalini siku hizi huitwa kolesteroli, aghalabu huwa na tarakimu nne, yaani lehemu yote kwa jumla, HDL, LDL na trigliseridi. Na chini yake, katika maabara nyingi, huandikwa tarakimu ya tano ambayo haikupimwa kwa mashine wala kwa dawa bali ilipatikana kwa kugawanya tu, nayo ndiyo uwiano. Mama wa miaka hamsini na tano wa Nachingwea au Ruangwa, iwe amepimiwa wilayani mwake au amesafiri hadi Ndanda, Lindi au Mtwara, hukabidhiwa karatasi hiyo na kuambiwa kwa maneno machache kwamba uwiano wake ni mzuri au ni mbaya, naye huondoka ama ametulia ama ameingiwa na hofu, kwa hukumu iliyosimama juu ya hesabu moja ya mtoto wa shule. Nia yangu katika safu hii ni kuuliza ushahidi wa tarakimu hiyo una uzito gani kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, hasa mwanamke wa wilaya hizi mbili za Kusini, na ni wakati gani ushahidi huo humsingizia, na ni wakati gani humficha.

Lehemu si sumu wala si uchafu wa damu kama inavyodhaniwa na wengi. Ini hutengeneza sehemu kubwa ya lehemu ya mwili, na mwili huitumia kujengea kuta za chembechembe zake, kutengenezea nyongo, na kuundia homoni kadhaa, estrojeni yenyewe ikiwa miongoni mwake. Lakini maadamu ni kitu cha jamii ya mafuta haiyeyuki katika damu, basi hubebwa ndani ya vifurushi vidogo mno vilivyozungukwa na protini. Vifurushi vya LDL huitoa lehemu katika ini na kuisambaza mwilini, na vinapozidi katika damu kwa miaka mingi hupenya ukuta wa ateri, vikanasa humo, vikazusha uvimbe na kuacha utando unaoifinya njia ya damu kidogo kidogo, hata siku moja utando upasuke, damu igande juu yake, na kipande cha moyo au cha ubongo kikose hewa kife. Vifurushi vya HDL huhusishwa na kazi iliyo kinyume, ya kuikusanya lehemu na kuirejesha kwenye ini. Ndipo ilipozuka rai ya kuichukua lehemu yote na kuigawanya kwa ile ya HDL, ili tarakimu moja ieleze habari za pande zote mbili.

Rai hiyo ilipata nguvu huko Framingham, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1948 matabibu waliwafuata raia wa mji ule mwaka baada ya mwaka, wakiandika nani ana nini katika damu yake na nani amefikwa na maradhi gani. William Castelli, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi huo kwa miaka mingi, ndiye aliyeutangaza uwiano huu kwa bidii, hata leo yapo maandishi ya kitabibu yanayouita kwa jina lake. Kwa wanawake wa Framingham, uwiano wa karibu na 4.4 ulikuwa ndiyo hatari ya wastani. Kwa wanaume, karibu na 5. Vipeo hivyo, vikisogezwa huku na huku, ndivyo vinavyochapwa hadi leo kwenye karatasi za maabara zetu, navyo vilipatikana kwa watu waliokula, walioishi na waliougua tofauti kabisa na mkulima wa mbaazi wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa.

Framingham hiyo hiyo ndiyo iliyoonyesha, kwa namna ambayo haijasahaulika, uzito wa kukoma hedhi. Taarifa iliyotolewa mwaka 1978 ilieleza kwamba katika wanawake 2,873 waliofuatwa kwa miaka 24, hapakuwa na hata mmoja aliyepatwa na shambulio la moyo au kufa kwa maradhi ya ateri za moyo ilhali angali anapata hedhi. Si kwamba hedhi ni hirizi; umri nao una hukumu yake, na mwanamke mwenye kisukari au mvutaji wa sigara anaweza kuugua moyo kabla ya miaka arobaini. Lakini sababu moja inajulikana vizuri. Estrojeni huliamsha ini kuweka juu ya chembechembe zake vipokezi vingi vya kuivuta LDL kutoka katika damu. Estrojeni ikipungua, vipokezi hupungua, na LDL hubakia ikizunguka. Uchunguzi mwingine wa Marekani ujulikanao kwa kifupi kama SWAN, ulioanza mwaka 1996 kuwafuata wanawake wa rangi na asili mbalimbali, wakiwamo wenye asili ya Afrika, ulionyesha mwaka 2009 kwamba lehemu yote na LDL hupanda kwa ghafla katika kipindi kifupi, mwaka mmoja kabla na mmoja baada ya hedhi ya mwisho, kwa kadiri isiyoelezeka kwa kuongezeka umri peke yake. Kwa hiyo karatasi aliyopewa mama akiwa na miaka arobaini na mbili haiwezi kumtolea ushahidi akiwa na hamsini na nne. Huyo ni mtu mwingine kwa hesabu ya damu, japo jina ni lile lile.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Wamwera, Wamakonde na Wamakua wa wilaya hizi wamejaliwa mila ya unyago, na binti anapovunja ungo hupokewa na kungwi wake, akafundishwa mwili wake, usafi wake, miiko yake na heshima yake, tena kwa ngoma na kwa hadhara ya wanawake wenziwe. Mlango wa kuingilia katika uzazi umewekewa walimu. Mlango wa kutokea hauna mwalimu hata mmoja. Mwanamke huachwa apambane peke yake na joto la ghafla usiku, usingizi uliokatika na mwili unaonenepa kiunoni bila ya chakula kuongezeka, na akiuliza huambiwa kwamba huo ni uzee. Makungwi ni watu wanaosikilizwa kuliko bango lolote la zahanati, na sioni sababu kwa nini elimu ya presha, kisukari na lehemu isipitie kwao.

Turudi kwenye uwiano, na tuanze kwa kuusema wema wake, kwa kuwa insafu inataka hivyo. Kwanza, hauna kipimio. Maabara moja hutoa majibu kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na wagonjwa wengi, hata baadhi ya waganga, wamebabaika kwa kulinganisha 5.2 na 200 ilhali ni jambo moja. Uwiano hubaki ule ule kwa vipimio vyote viwili. Pili, lehemu yote na HDL hazibadiliki sana kwa mlo mmoja ulioliwa kabla ya kipimo, na tangu mwaka 2016 mabingwa wa Ulaya wamekubali kwamba kwa watu wengi si lazima kufunga kula kabla ya kipimo hiki, jambo lililo rehema kubwa kwa mama atokaye kijijini alfajiri kwa bodaboda na kufika hospitali jua limekwisha panda. Tatu, uwiano hauchezi mbali na ukweli pale ulipopimwa kwa wanawake wengi: mwaka 2005, katika wanawake 15,632 wa Marekani waliokuwa na umri wa miaka 45 na zaidi, ilionekana kwamba uwiano wa lehemu yote kwa HDL ulibashiri maradhi ya moyo na mishipa sawasawa na vipimo vya protini vilivyo ghali zaidi. Asiyejua haya na kuudharau uwiano amekosea kama yule anayeuabudu.

Taksiri yake iko katika kigawanyo. Mgawanyo wa hesabu hupanda kwa njia mbili, kwa kukua kinachogawanywa au kwa kupungua kinachogawanya, na tarakimu inayotokea haisemi ni ipi kati ya hizo iliyotendeka. Tuwawaze wanawake wawili wa mfano. Wa kwanza ni mkulima wa ufuta katika kijiji kimoja cha Ruangwa, mwembamba, ambaye kwa milimoli kwa lita lehemu yake yote ni 3.6 na HDL ni 0.7, uwiano wake ni 5.1, na karatasi itamwandikia kwa wino mwekundu kwamba yumo hatarini. Wa pili ni mwenye duka mjini Nachingwea, lehemu yote 6.4, HDL 2.0, uwiano wake ni 3.2, na karatasi itampongeza. Sasa tuache kugawanya, tutoe. Ukiitoa HDL katika lehemu yote, inayobakia ni ile iliyomo ndani ya vifurushi vyote vinavyoweza kuingia katika ukuta wa ateri, si LDL peke yake bali na ndugu zake. Kwa mkulima inabakia 2.9, kwa mwenye duka, 4.4. Mzigo ulio juu ya ateri za yule aliyepongezwa unauzidi mzigo wa yule aliyetishwa kwa nusu nzima.

Je, mkulima amesalimika? Sisemi hivyo. HDL ya 0.7 ni ya chini, kwa kuwa kwa wanawake kiwango cha kuridhisha huanza kwenye 1.3, na upungufu huo unataka kuulizwa umetoka wapi. Huenda ametoka katika malaria wiki iliyopita, na mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ya nchi yetu ambayo malaria haijaondoka mlangoni. Homa ya malaria, kama maambukizi mengine makali, huishusha HDL na LDL pamoja na kuipandisha trigliseridi, na damu huchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Huenda chakula chake ni ugali wa mahindi au wa muhogo asubuhi na jioni, wanga mwingi na mafuta kidogo, ambao huishusha lehemu yote na HDL kwa pamoja. Huenda ni kisukari kilichojificha. Sababu tatu zilizo mbali kama mbingu na ardhi, na uwiano huzifunika kwa tarakimu moja. Wala HDL ya chini si ajabu kwetu: mkusanyo wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta watu wazima takriban 37 katika kila 100 wakiwa nayo, na ni dhahiri kwamba si wote hao wenye ateri zilizoharibika.

Kuna pia ushahidi wa kale wa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1959, A. G. Shaper na mwenzake K. W. Jones walichapisha habari za lehemu za Waafrika na Waasia wa Kampala. Waafrika walikuwa na lehemu ya chini sana, na maradhi ya ateri za moyo kwao yalikuwa nadra kiasi kwamba tabibu Hugh Trowell alipoyakuta kwa Mwafrika mmoja aliona ni jambo la kuandikiwa makala, nayo ilitoka mwaka 1956. Waasia wa mji ule ule, wakiishi mitaa ya jirani kwa chakula kingine, walikuwa na lehemu iliyo juu na mioyo iliyokuwa ikiugua. Fundisho ninalolichukua mimi hapo ni kwamba uwiano una maana iliyo wazi pale tu kinachogawanywa kilipo kikubwa. Mahali ambapo lehemu yote iko chini, kuugawanya udogo kwa udogo huzaa tarakimu kubwa yenye kelele na isiyo na maana kubwa.

Mwenye duka naye, mwenye HDL ya 2.0, anataka kuulizwa. Kuna wanawake waliorithi HDL nyingi na hawana tatizo nayo. Lakini pombe pia huipandisha HDL, na msimu wa korosho unapofika na mabibo yakaiva, uraka, yaani pombe ya mabibo, hunyweka majumbani kwa wazee wa kiume na wa kike, wala si aibu kwa wengi kuunywa. Mwanamke anayekunywa kila siku anaweza kupata uwiano wa kupendeza ilhali pombe ile ile inampandishia presha. Fauka ya hayo, wataalamu wa maradhi ya moyo wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2020 kuhusu kipindi cha kukoma hedhi, walieleza kwamba baada ya hedhi kukatika HDL nyingi haiwi tena kinga ya kutegemewa, kwa kuwa vifurushi vyenyewe huenda vikabadilika umbo na kazi ingawa wingi wake unaonekana ule ule. Kigawanyo kilichokuwa kikiaminika katika umri wa miaka thelathini na tano kinageuka kuwa shahidi asiye mwadilifu katika umri wa hamsini na tano, na hapo ndipo hasa uwiano unapotumika kuwatuliza wanawake.

Ndiyo maana ninaukadimisha utoaji mbele ya ugawanyaji. Mwaka 2019 zilikusanywa habari za watu 398,846 wa nchi 19, waliokuwa bila ya maradhi ya moyo walipoanza kufuatwa, wakapangwa kwa kadiri ya lehemu yao isiyo ya HDL, yaani ile inayobakia baada ya kuitoa HDL. Kwa wanawake, waliokuwa chini ya 2.6 walifikwa na shambulio la moyo, kiharusi au mfano wake kwa kadiri ya 7.7 katika kila 100 ndani ya miaka 30. Waliokuwa na 5.7 au zaidi, 33.7 katika kila 100. Watu hao wengi wao ni wa Ulaya, Australia na Marekani, kwa hiyo sidai kwamba asilimia zao ni zetu. Lakini mpando wa hatari, ngazi baada ya ngazi, unafuata kazi ya vifurushi katika ukuta wa ateri, na ukuta wa ateri ni mmoja kwa wanadamu wote. Hesabu hiyo haigharimu hata senti moja, kwa kuwa tarakimu zote mbili zimo katika karatasi. Afadhali hiyo kuliko LDL iliyoandikwa, ambayo katika maabara nyingi haipimwi bali hukisiwa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, na trigliseridi zikivuka 4.5 kanuni huharibika kabisa. Basi uwiano wa LDL kwa HDL huwa ni mgawanyo uliojengwa juu ya makisio.

Kuhusu uwiano wa trigliseridi kwa HDL, unaosifiwa sana siku hizi kuwa hufichua kisukari kinachonyemelea, nitasema machache: kwa watu wenye asili ya Afrika umeonekana kushindwa kazi hiyo, kwa sababu trigliseridi zao huweza kubakia chini hata mwili ulipokwisha kuasi insulini. Apimwe sukari yenyewe.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa Nachingwea ina kisa ambacho hakuna mji mwingine wa kusini unaoweza kukisimulia. Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza walipokuwa wakila kwa mgawo na mafuta ya kula yakiwa adimu kwao, lilitolewa wazo mwaka 1946, na kazi ikaanza mwaka 1947, la kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili mafuta yake yawe majarini mezani pa watu wa Uingereza. Bandari ya Mtwara ilijengwa na reli ikavutwa hadi Nachingwea kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 mpango ulitupwa, paundi milioni 36 zikiwa zimepotea, na historia imeuandika kuwa ni mfano wa ghururi ya wapangaji walioketi mbali. Laiti wangalijua kwamba hata wangalifaulu, sehemu ya faida yao ingaliingia katika ateri! Majarini ya zama zile iligandishwa kwa kutiwa haidrojeni, na mwaka 1990 Waholanzi wawili, Mensink na Katan, walithibitisha kwamba mafuta ya namna hiyo huipandisha LDL na papo hapo huishusha HDL, yaani huuharibu uwiano kutoka juu na kutoka chini kwa mara moja. Karanga iliyokuwa tiba shambani ingalifanywa maradhi kiwandani.

Karanga, korosho na ufuta, mazao yanayolisha wilaya hizi mbili, kwa asili ni chakula cha kuipunguza lehemu. Majaribio 25 ya jamii ya karanga na korosho yaliyojumlishwa pamoja mwaka 2010 yalionyesha kwamba gramu 67 kwa siku, ujazo wa konzi mbili hivi, zilishusha LDL kwa asilimia 7.4 na uwiano wa LDL kwa HDL kwa asilimia 8.3. Hiyo si kadiri ya dawa, lakini si haba kwa kitu kinachootea nyuma ya nyumba. Ajabu ni kwamba korosho hupelekwa mnadani na sehemu kubwa yake husafirishwa ghafi hadi India na Vietnam, ufuta nao huuzwa nje, ilhali mwanamke aliyeulima huenda dukani kununua kwa kipimo mafuta ya mawese yaliyoletwa kutoka Asia, akayakaangia samaki, na kesho akayarudia yale yale hata yawe meusi. Mauritius, kisiwa jirani katika bahari yetu hii, walikuwa na hali kama hiyo. Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakigawiwa wananchi, kutoka mawese kwenda soya kwa sehemu kubwa, na kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Hakuna zahanati yoyote duniani iliyopata kufanya hivyo kwa vidonge.

Na nazi je? Swali hili siwezi kulikimbia, maana mpishi wa Kusini akinyimwa tui la kisamvu atauliza ni kosa gani amelitenda. Asidi ya lauriki iliyomo katika mafuta ya nazi huipandisha LDL, lakini huipandisha HDL pia, hata uwiano ukaonekana haukuharibika au umetengenea. Hilo lilionekana katika majaribio 60 yaliyojumlishwa mwaka 2003, na ndilo wauzaji wa mafuta ya nazi wanalolishika. Hapo mgawanyo unamtuliza mtu ilhali mzigo umeongezeka, kwa kuwa HDL iliyopandishwa kwa chakula au kwa dawa haijapata kuthibitika kuwa inawaokoa watu: dawa iitwayo torsetrapibi iliipandisha HDL kwa ajabu, na mwaka 2006 jaribio lake lilisimamishwa kwa kuwa walioinywa walikufa zaidi ya wasioinywa. Rai yangu ni kwamba tui jepesi la nazi moja katika chungu cha jamaa nzima halimdhuru mtu, na kwamba mafuta ya nazi yaliyofungwa chupani na kuuzwa kuwa dawa ya moyo ni biashara.

Yote haya yanapungua uzito mbele ya jambo moja, nalo ni shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana lehemu iliyozidi, na takriban robo wana shinikizo la damu. Lakini robo hizi mbili haziui kwa kadiri moja. Kwetu ateri huharibika kwanza kwa presha, na mwisho wake wa kawaida zaidi ni kiharusi kuliko shambulio la moyo. Hesabu iliyofanywa wilayani Hai na mitaani Dar es Salaam baina ya mwaka 2003 na 2006 ilikuta viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Kadiri hiyo ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa duniani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria hatari, likiwa na chati maalumu kwa Afrika ya Mashariki, uwiano haukuwekwa kabisa. Chati moja hutaka lehemu yote na habari ya kisukari. Nyingine haitaki damu hata tone, bali umri, jinsia, tumbaku, presha, na uzito ukilinganishwa na kimo. Muuguzi wa zahanati yoyote ya Ruangwa mwenye mashine ya presha, mizani na futi ya ukutani anaweza kuitumia chati hii ya pili kesho asubuhi.

Aongeze maswali mawili yasiyomo katika chati. La kwanza, “Mama, katika mimba zako ulipata kupanda presha au kushikwa na kifafa cha mimba?” kwa kuwa aliyepatwa na hilo ana hatari ya maradhi ya ateri za moyo inayokaribia mara mbili ya mwenziwe, hata ikiwa mtoto yule leo ni baba wa watu. La pili, “Hedhi ilikatika ukiwa na umri gani?” maana iliyokatika kabla ya miaka arobaini, iwe yenyewe au kwa kuondolewa ovari katika upasuaji, humwondolea mwanamke miaka mingi ya hifadhi. Uwiano wa 3.2 haufuti lolote kati ya hayo mawili.

Kwa upande wa dawa sina mengi. Statini, dawa za kuishusha LDL, huwafaa wanawake kama zinavyowafaa wanaume wenye hatari iliyo sawa na yao. Kila LDL ikishuka kwa milimoli moja, mashambulio makubwa hupungua kwa kiasi cha sehemu moja katika tano. Homoni za kurudishia kile kilichopungua zina kazi yake kwa joto na usingizi wa wanaoteseka, kwa ushauri wa tabibu, lakini tangu jaribio kubwa la homoni hizo nchini Marekani liliposimamishwa kwa sehemu mwezi Julai 2002 hazitolewi kwa ajili ya kuulinda moyo. Vumbi la majani na mizizi linalouzwa minadani kwa madai ya kusafisha mishipa halisafishi chochote.

Ninawaomba basi waganga wakuu wa wilaya hizi mbili waamrishe mambo yasiyohitaji bajeti mpya: kila mwanamke aliyevuka miaka arobaini na tano anayefika zahanati, hata akiwa amemleta mjukuu kwa chanjo, apimwe presha, asipimwe lehemu akiwa na homa wala karibu baada ya homa, na karatasi ya maabara itakayotoka, ioneshe lehemu isiyo ya HDL juu ya uwiano, si chini yake. Nawe mama uliyekwisha kupewa karatasi yenye uwiano peke yake, irudishe kwa aliyekupa, umwombe tarakimu zote nne, na kabla hujaondoka umwombe akufunge mkanda wa presha mkononi.